Kutu ya Wageni: Fundi Kiganja na rangi anazozisikia kwa vidole

Saa moja asubuhi, jua likiwa bado nyuma ya ukuta wa kituo cha afya, Fundi Kiganja anauvika mkono wake wa kulia mfuko mwembamba wa plastiki, kama ule wa kufungia mkate, kisha anauweka juu ya boneti ya gari jeupe lililooshwa muda si mrefu. Hasugui wala hapapasi kwa pupa. Mkono unateleza taratibu, naye ameinamisha kichwa upande mmoja kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya chumba cha pili.

Karibu na taa ya kushoto, mkono unasimama.

"Hapa," anasema.

Mke wake, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Pacha, anainama kutazama. Kuna vidoa vya rangi ya chungwa, vidogo kuliko punje ya ufuta, vimejipanga kama upele kwenye shavu la mtoto.

"Vipo," anajibu. "Ila kule nyuma umekiruka kimoja."

"Sijakiruka. Nimekiona."

Wote wawili wanacheka, kwa sababu Fundi Kiganja haoni. Hata jua likimpiga usoni, analijua kwa joto lake tu. Macho yake yalizimika miaka saba iliyopita, na kazi inayomlisha leo yeye na familia yake ni kuondoa madoa ya kutu juu ya rangi za magari, bila kuiumiza rangi yenyewe.

Sehemu yake ya kazi ni kibanda cha mabati chenye nguzo nne, kimeegemea ukuta wa karakana ya kuchomelea vyuma. Sakafu ni ya saruji, imepewa mteremko kidogo ili maji yakimbilie mtaroni. Kuna ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, na kamba ya vitambaa vilivyotundikwa kwa mpangilio ambao ni yeye peke yake anayeruhusiwa kuuvuruga. Vya kuoshea viko mwanzo wa kamba, vya kukaushia katikati, vya nta mwisho. Ukihamisha kimoja, umemfunga mikono.

Swali la mfuko wa plastiki huulizwa na kila mteja, na jibu lake hachoki kulitoa.

"Ngozi tupu inadanganyika," anaeleza. "Ina jasho, ina sugu. Ukivaa plastiki, kichembe kidogo kinakuwa kokoto. Rangi nzima inateleza kama kioo. Penye kutu panakwaruza."

Zamani hakuhitaji hila hiyo. Alikuwa mpiga rangi katika gereji kubwa, na waliofanya naye kazi wanasema alikuwa na jicho la kuogopwa. Gari likija limegongwa mlango, likiwa limekaa juani mpaka wekundu wake umechujuka, yeye alichanganya rangi kwa kutazama tu, akaupuliza mlango mpya, na mwenye gari akashindwa kuutofautisha na wa zamani. Mafundi wengine walisema kwa utani kwamba mke wake asithubutu kuchakachua chai, maana jamaa angejua kijiko cha maziwa kilichopungua.

Maradhi yalikuja kimyakimya. Kwanza alianza kugonga ndoo zilizokuwa pembeni yake, akadhani ni haraka ya kazi. Kisha mabega yakawa yanajipiga kwenye miimo ya milango. Siku moja alikabidhi gari ambalo ukingo mzima wa mlango haukuguswa na rangi, na msimamizi wake, badala ya kufoka, alimshika mkono akampeleka hospitali mwenyewe.

Huko aliambiwa ni presha ya macho. Ilikuwa imeutafuna mshipa wa kuonea muda mrefu bila maumivu, na kilichokwisha kuliwa hakirudi. Dawa zingeweza kuchelewesha tu, nazo zilichelewesha kidogo.

Gereji haikumfukuza. Analisema hilo kwa msisitizo, kwa sababu watu hupenda kudhani kwamba alitupwa. Walimpa kazi ya kufagia na kupanga vifaa. Lakini asubuhi moja aliangusha kopo la rangi nyeusi juu ya gari la krimu lililokuwa limekamilika, likisubiri mwenyewe. Hakuna aliyemsema. Kimya hicho ndicho kilichomshinda. Alikunja ovaroli yake, akaaga, akaondoka kwa miguu yake huku mwenzake mmoja akimwelekeza njia.

"Wangenitukana, pengine ningebaki," anasema. "Walinionea huruma, na huruma ya kila siku inachosha kuliko matusi."

Nyumbani mambo yalikaza. Familia ilihama kutoka vyumba viwili hadi kimoja. Mabinti zao pacha, ambao siku hizi wako sekondari, walilala upande mmoja wa pazia, wazazi upande wa pili. Mama Pacha, fundi cherehani, ndiye aliyeishika nyumba. Alishona sare za shule, akapunguza suruali, akabadilisha zipu, na mumewe akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda, alijifunza kuupima mchana kwa mlio wa cherehani. Ikinyamaza mapema, alijua kazi imekuwa haba na mboga itakuwa ya kudanganyia tonge.

Kisha mwenye nyumba akalalamikia kelele za cherehani hiyohiyo. Wapangaji wengine walikuwa wamemnung'unikia, akasema, hivyo mama atafute pa kushonea au ahame.

Hapo ndipo anapoingia mtu ambaye wenzake humwita Cheche. Ni fundi wa kuchomelea, mwembamba, mcheshi, na amezoea kupiga kelele hata anapozungumza na mtu aliye karibu, kwa sababu ya miaka mingi kando ya mashine. Enzi za gereji alikuwa akimpelekea Fundi Kiganja mageti yake yapulizwe rangi. Aliposikia habari za cherehani, alikwenda mwenyewe mpaka mlangoni.

Alimwambia Mama Pacha kwamba ukuta wa karakana yake upande wa kivulini haukuwa na kazi yoyote zaidi ya kusimama, kwa hiyo ahamishie cherehani hapo. Mama Pacha alipouliza kodi, Cheche alijibu kwamba hajawahi kusikia kivuli kikilipiwa kodi.

"Na uje na kaka," akaongeza. "Nimemchomelea kiti."

Kiti hicho, Fundi Kiganja anakiri, hakukipenda. Kilikuwa imara na kizuri, lakini kila alipokikalia alijiona kama mzigo uliotafutiwa pa kutuliwa. Alikaa tu kwa sababu mke wake asingeweza kushona kwa amani huku akimfikiria peke yake chumbani. Akawa anaamkia hapo na kushindia hapo, akisikiliza. Akaijua karakana kwa sauti: nyundo, mlipuko mdogo wa moto wa kuchomelea, na grainda, mashine ya kusagia chuma, inayolia kama nyigu aliyefungiwa kwenye debe.

Ni grainda hiyo iliyoleta balaa.

Cheche alikuwa amepata kazi kubwa ya uzio, akaipangia kandokando ya ukuta unaopakana na kituo cha afya. Kwa wiki nzima alisaga vyuma pale. Upepo ukachukua vumbi la moto, ukalirusha upande wa pili, ambako wahudumu huegesha magari yao. Kwa macho hukuona kitu. Mwisho wa wiki ikanyesha mvua, na watu waliporudi kazini Jumatatu walikuta magari tisa yametapakaa madoa ya chungwa kuanzia paa hadi bampa.

Waliingia karakana kwa pamoja. Hawakuja kupigana, lakini walikuwa na uchungu, na uchungu wao ulikuwa wa haki. Mfamasia wa kituo alikuwa amekwishampa gari lake kijana wa kuosha magari, naye akalisugua kwa waya wa kusugulia sufuria. Doa la kutu lilitoka, na rangi ikatoka nalo, likabaki duara la ukungu katikati ya boneti. Fundi mmoja wa rangi aliyeitwa kutazama alisema hakuna njia nyingine: magari yote yapigwe msasa, yapulizwe upya.

Cheche alisikiliza mpaka mwisho. Fundi Kiganja anasema hiyo ndiyo mara ya kwanza alipomsikia rafiki yake akizungumza kwa sauti ya chini. Hakubisha. Alisema kosa ni lake, kwamba alipaswa kuziba upepo, na kwamba angeuza mashine zake zote mpaka kila mtu arudishiwe gari lake lilivyokuwa.

Mashine zake ndizo zilizokuwa karakana. Zikiuzwa, kinachobaki ni ukuta. Na ukuta huo ndio uliokuwa umeibeba cherehani ya Mama Pacha.

"Nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti," anasimulia Fundi Kiganja. "Nikawaza, huyu mtu alinipa kivuli bila kuniuliza chochote. Leo nyumba yake inaungua, na mimi nimekaa nasikiliza moshi."

Akasimama. Aliomba aongozwe hadi kwenye gari lolote kati ya yale yaliyoharibika. Hakuna aliyeelewa anataka nini, ila mke wake akaacha kazi aliyoishika, akampa bega.

Alipitisha vidole juu ya rangi. Hakuridhika. Akamwomba Mama Pacha ule mfuko wa plastiki uliobeba vitumbua vya asubuhi, akauvaa, akapitisha tena. Sasa alizisikia: chembe, mamia ya chembe, kila moja imejichimbia kidogo na kujishikiza. Alitafuta kwa ukucha kama rangi imevimba au kupasuka mahali. Haikuwa imevimba. Chini ya chembe, rangi ilikuwa nzima.

Alikumbuka magari yaliyokuwa yakija gereji kutoka karibu na reli, ambako magurudumu ya treni husaga vumbi la chuma. Yalikuwa na madoa yaleyale. Mkuu wake wa kwanza, mzee aliyemfundisha kazi, hakuwahi kuyapiga msasa.

"Gari halijaoza," aliwaambia waliokusanyika. "Kutu inayotoka ndani ya bati ni mwenyeji, hiyo lazima ukate. Hii ni mgeni. Imetoka kwenye grainda, imetua juu. Mgeni anaweza kuondoka bila nyumba kubomolewa."

Watu walitazamana. Mkuu wa kituo, kwa upole, aliuliza swali ambalo kila mtu alikuwa nalo mdomoni: ni nani angetoa gari lake liguswe na mtu ambaye hataona akilikwaruza? Fundi Kiganja hakuudhika. Alisema swali ni zuri, na kwamba yeye mwenyewe angeuliza vilevile.

Aliyejitokeza alikuwa mkunga wa kituo, mama wa makamo karibu kustaafu. Gari lake, dogo na jeupe, alilipata baada ya ndugu zake kuchangishana, kwa kuwa walichoka kumwona akirudi kwa miguu kutoka zamu. Lilikuwa kitu cha kwanza kikubwa alichowahi kukimiliki.

"Mdogo wangu," alimwambia, "hata mimi kazi yangu macho hayafiki. Vidole ndivyo vinaniambia mtoto amelalaje. Chukua ufunguo."

Fundi Kiganja anasema tangu macho yazimike, watu walikuwa wakimpa vitu vingi: chakula, nguo, pole. Hakuna aliyekuwa amempa ufunguo.

Kazi ilifanyika kivulini, maana juani dawa hukauka kabla haijauma na sabuni huacha alama. Mama Pacha aliliosha gari mara mbili, asibakishe mchanga ambao ungegeuka msasa chini ya kitambaa. Cheche alikuwa amekwenda mjini kununua alivyoagizwa: maji ya dawa ya kuyeyushia chembe za chuma, kipande cha udongo maalumu wa kusafishia rangi, laini kama unga uliokandwa, na kopo la nta.

Walianza na mahali padogo chini ya mlango, pale ambapo hata kikiharibika hakionekani. Huo ndio utaratibu ambao hauvunji mpaka leo. Mama Pacha akapulizia dawa, akasubiri kama alivyoagizwa. Ghafla akamshika mumewe mkono.

"Baba Pacha, linatoka damu."

"Damu ya rangi gani?"

"Kama zambarau. Inachuruzika kila mahali."

Mumewe akacheka, cheko refu la tumboni, ambalo mkewe anasema hakuwa amelisikia tangu siku za gereji. Akamwambia hiyo si damu, ni kutu inaaga. Dawa ikikutana na chembe ya chuma hubadilika rangi. Penye zambarau ndipo ilipouma. Kisha akamhimiza asuuze upesi, isije ikakaukia mwilini mwa gari.

Vidoa vilivyogoma, Fundi Kiganja alivifuata kwa udongo. Aliuteleza juu ya maji ya sabuni mengi, kwa uzito wa mkono wenyewe tu, kwa mstari ulionyooka. Kila baada ya muda aliukunja upya ili upande uliobeba chembe uzame ndani. Kipande kilipomponyoka kikaanguka sakafuni, alikitupa, ingawa Cheche alikuwa ametoka kukinunua na roho ikamuuma waziwazi. Udongo ulioanguka umeokota mchanga, na mchanga ukiurudisha juu ya rangi, umejichorea mikwaruzo.

Kabla ya jua kutua, mkunga aliitwa. Mama Pacha alikuwa amelimulika gari lote kwa tochi iliyolazwa pembeni, akitafuta mkwaruzo, asiuone. Mkunga alilizunguka mara moja. Kisha akaomba mfuko wa plastiki, akauvaa, akafumba macho, akapitisha mkono wake juu ya boneti kutoka upande hadi upande.

"Pamelala, hapakwaruzi," alisema. Basi. Akaingia garini akaenda zamu.

Kesho yake mengine manane yalikuwa yamepangwa foleni.

Si yote yaliyokwenda sawa. Kwenye gari la pili Fundi Kiganja alikuwa na papara, akapitisha udongo mahali palipokuwa pamekauka, rangi ikafifia kiasi cha kiganja. Mama Pacha aliona, akamwambia bila kumpamba. Ilibidi aing'arishe sehemu hiyo kwa dawa ya kung'arishia, duara kwa duara, nusu siku nzima. Na boneti ya mfamasia, ile iliyosuguliwa kwa waya, alisema ukweli tangu mwanzo: angeipunguza ukungu, lakini tabaka la juu lililokwisha kutolewa hawezi kulirudisha. Mfamasia alikubali. Mpaka leo ukisimama upande fulani unaliona lile duara, na yeye huwaonyesha wengine kama onyo.

Mashine za Cheche hazikuuzwa. Siku gari la mwisho lilipotoka, alinunua turubai zito, akalitundika kandokando ya ukuta wote wa kituo, na tangu hapo hawashi grainda kabla ya kulishusha, hata kama ni kukata msumari mmoja. Kisha akaanza kuchimbia nguzo nne bila kumweleza mtu ni za nini. Mabati yalipopanda juu, alimwambia rafiki yake kwamba kibanda kimekwisha, alete ndoo zake.

Jina Kiganja lilitoka kwa wahudumu wa kituo cha afya. Walilitumia walipowaelekeza ndugu na majirani zao: nendeni kwa yule fundi wa kiganja. Siku hizi hupokea gari moja au mawili kwa siku, na baada ya mvua zaidi, kwa kuwa mvua ndiyo huyafichua madoa. Familia imerudi kwenye vyumba viwili. Mabinti wana mlango wao wa kufunga, jambo ambalo, kwa mujibu wa mama yao, wamelitumia vibaya kuanzia siku ya kwanza.

Sio kila anayekuja hubaki. Kuna mwanamume aliyefika na gari jeusi jipya, akashuka, akaona fimbo nyeupe imeegemea nguzo, akarudi garini bila salamu. Injini haikuwa imezimwa. Fundi Kiganja alisikia kila kitu.

"Gari ni lake," anasema. "Na mimi nilipokuwa na macho, sijui kama ningempa mtu kama mimi. Kwa hiyo namwombea tu asikutane na kijana wa waya."

Wapo pia anaowarudisha yeye. Akipapasa akakuta rangi imevimba kama lengelenge, au pembe ya mlango inalia bati likibonyezwa, anajua kutu imetoka ndani. Hapo anamwambia mteja ukweli, anamwelekeza kwenye gereji yake ya zamani, ambayo nayo humletea magari yenye kutu ya wageni. Mke wake mwanzoni alinung'unika kwamba anafukuza riziki. Siku hizi hanung'uniki, kwa kuwa waliorudishwa ndio wanaoongoza kwa kumletea wengine.

Wawili hao hubishana kutwa. Yeye hutoa maagizo kama yuko bado gerejini. Mkewe hujibu kama mtu aliyebeba ndoo. Mama Pacha hupenda kuwaambia wateja kwamba zamani alikuwa mke wa fundi, siku hizi yeye ndiye fundi na mwenzake ndiye mke wa fundi, tatizo ni kwamba hajui kupika. Fundi Kiganja husubiri kicheko kiishe, kisha husema kwa utulivu kwamba bila mwanamke huyu, hata njia ya kutoka kitandani asingeijua. Jifya moja, anasema, haliinjiki chungu.

Ubishi mwingine, ambao majirani wameukatia tamaa, ni kati yake na Cheche. Kila mmoja humshukuru mwenzake, na kila mmoja hukataa kushukuriwa. Cheche hudai karakana imesimama kwa sababu ya mtu aliyekuwa ameketi kwenye kiti. Fundi Kiganja hudai asingekuwepo hapo kama si kiti.

"Kaka ananisumbua," Cheche anapaza sauti kutoka upande wa pili wa ukuta, akiwa amesikia anatajwa. "Mwambieni deni lilishaisha."

"Halijaisha," Fundi Kiganja anamjibu. "Wala sitaki liishe."

Hata hivyo, kuna shukrani moja anayoona hajaitoa vya kutosha. Ili awe jicho lake, Mama Pacha aliacha kushona. Cherehani ilikuwa kazi yake tangu usichana, alijifunza kwa shangazi yake, na ndiyo iliyowavusha katika miaka mibaya. Sasa imefunikwa shuka kwenye kona ya chumba. Mkewe hajawahi kulalamika. Lakini jioni nyingine, anasema Fundi Kiganja, humsikia akiondoa lile shuka, akizungusha gurudumu kidogo bila uzi, kisha akiifunika tena.

Kwa hiyo ana mpango. Amezungumza na dereva mmoja mstaafu, mtu mtulivu mwenye macho makali, ambaye amechoka kukaa nyumbani. Kabla ya msimu ujao wa mvua, anataka dereva huyo awe ameijua kazi: kulaza tochi, kutazama zambarau, kusema ukweli doa likibaki. Na chumba kidogo kinachotazamana na kituo cha afya, ambacho mpangaji wake anahama, tayari amekiulizia kwa ajili ya Mama Pacha. Kina dirisha kubwa, ameambiwa, na mwanga wa asubuhi.

Hajamwambia mkewe. Anayaeleza haya akidhani mkewe yuko bombani. Mama Pacha yuko nyuma yake, kitambaa kinachuruzika maji mkononi.

Anakikamua kitambaa, anakitundika mahali pake kwenye kamba. Anauliza kama huyo dereva anajua kwamba fundi wake hasikii la mtu akishaanza gari. Anaambiwa ameshaonywa. Anauliza dirisha linafunguka ndani au nje. Fundi Kiganja anakiri hilo hakuuliza.

"Basi nitaanza na ovaroli zenu," anasema Mama Pacha. "Wewe na huyo dereva. Hiyo uliyovaa inaaibisha kibanda."

Anatoa futi ya kupimia nguo mfukoni mwa aproni. Kumbe hakuacha kutembea nayo. Anamwambia ainue mikono. Fundi Kiganja anasimama katikati ya sakafu yenye maji, mikono ameinyoosha pande zote, anatulia kama mtoto anayepimiwa nguo mpya, huku mkewe akimzunguka kiunoni na kumwambia kwamba amenenepa.